Sauti Iliyobaki Dukani

Fikirini alikuwa mfunga mizigo. Tuanzie hapo, maana watu wakisikia habari ya kampuni iliyokula wateja wake wanategemea jamaa wa tai, kiyoyozi na ofisi ya Posta. Huyu alikuwa na mkasi, kamba ya katani na mgongo unaouma. Kazaliwa Buguruni, kakulia Buguruni, na chumba alichopanga na mkewe Mwanamkuu kiko Buguruni hiyohiyo, nyuma ya gereji wanakopiga magari rangi mpaka wali unanuka thina. Kila asubuhi anaenda Kariakoo, Mtaa wa Narung'ombe, kwenye duka la jumla la Mzee Hamud, anafunga marobota ya mashuka, vitenge na khanga ya kupandisha mabasi ya mikoani. Alianza kazi hiyo ndevu hazijaota.

Kipaji alikuwa nacho kimoja, kuiga sauti. Chuoni, alikosomea Kurani, alimwiga ustadhi mpaka wenzake waliokuwa wanacheza nje wakarudi mbio kukaa mkekani. Mtaani alimwiga mjumbe, mama wa vitumbua, mchezesha bahati nasibu. Na kwa kuwa maisha yake yote ya kazi alikaa hatua chache kutoka kiti cha Mzee Hamud, alimwiga Mzee Hamud kuliko wote. Kile kikohozi cha mara mbili kabla ya kusema. Lile "naam" linalopitia puani. Ule Uswahili wa Mwarabu aliyezaliwa Kariakoo, nusu msikitini nusu sokoni.

Mzee mwenyewe alikuwa anacheka mpaka anavua kofia. "Huyu akinipigia simu mimi," aliwaambia wapagazi, "nitampa mzigo, na hela nitamwambia alete akipata."

Sasa duka lile liliendaje, maana bila kujua hili hujui kitu. Wateja wakubwa walikuwa Songea, Mbinga, Tunduru, Masasi huko. Hawaji Dar. Wanapiga simu kwenye kitochi cha Mzee, simu ya vitufe ambayo namba yake haijabadilika tangu simu zianze. Mzee anawaambia bei, wao wanatuma hela, mzigo unapanda basi. Hakuna mkataba wala picha. Wengine walikuwa hawajawahi kumwona sura hata siku moja. Walichokuwa wanakijua ni ile sauti, na ile sauti ilikuwa haijawahi kuwadanganya.

Na kulikuwa na jambo jingine. Kila mwezi wa Shaabani, Ramadhani ikikaribia, Mzee Hamud alifunga mlango wa nyuma na kupigia wateja mmoja mmoja. Hauzi kitu siku hizo. Anasema, "Kama nimekupunja, kwa kujua au kwa kutojua, nihalalishie." Mteja anajibu, "Nimekuhalalishia, na wewe nihalalishie." Basi. Mpaka Wakristo walishazoea, wengine walikuwa wanamtania wakiona Shaabani inaishia hajapiga.

Halafu Mzee Hamud akapata kiharusi. Alianguka bafuni, upande wa kulia ukafa, ulimi ukafa nao. Akili ilibaki, na hilo ndilo baya. Wakamlaza juu, kwenye ghorofa lao la zamani la sakafu ya mbao, lililobanwa kushoto na kulia na majengo mapya mpaka jua halifiki madirishani. Ngazi inashukia nyuma ya duka. Bintiye Badria akawa anakuja asubuhi kumwogesha na kumlisha uji.

Duka likashikwa na Ghassan, mtoto wa kiume.

Ghassan hakuwa na pembe. Alikuwa mcheshi, anasalimia wapagazi, anatoa sadaka Ijumaa. Ila alikuwa na haraka, na alikuwa na msemo wake mmoja aliourudia kama mtu aliyeuokota sehemu ya bei ghali: "Kampuni ni jina tu. Jina likichoka unasajili lingine." Akasajili lingine. Mchana kweupe, mikokoteni ikaanza kutoa mizigo dukani kupeleka stoo mpya Ilala, na kila rafu iliyobaki wazi Fikirini aliambiwa aijaze. Aijaze na nini? Vipande vya godoro. Aliviviringisha vipande vya godoro, akavivisha kitenge kimoja kwa juu, akafunga kamba kama alivyofundishwa na Mzee, mafundo mawili na mkia mfupi. Ndani ya wiki duka lilikuwa limejaa mpaka darini na halina kitu. Ukipita katikati ya rafu sauti yako inamezwa, kama umeingia chumba kilichojaa watu waliobana pumzi.

"Bosi, huu ni mchezo gani?" aliuliza.

"Wa kupendezesha duka, Fiki. Fremu naiuza. Mtu akija kuangalia asikute ukiwa."

Uongo ule ulikuwa mdogo, Fikirini akaumeza. Wa pili ulikuja wiki hiyohiyo. Kitochi kiliita mezani. Wote wawili wakakitazama.

"Pokea," Ghassan akasema.

"Nipokee niseme nini? Mzee anaumwa."

"Usiseme anaumwa. Wakijua anaumwa wanahamia duka la jirani kesho. Pokea kama yeye. Si unaweza? Si ulikuwa unatuchekesha hapa?"

Alipokea. Alikohoa mara mbili, akasema "naam," na mtu wa Masasi upande wa pili akasema, "Alhamdulillahi, mzee wangu, nilisikia fununu unaumwa." Fikirini akasikia mdomo wake ukijibu, "Mafua tu haya, mwanangu. Mama yako mzima?" Kwa sababu ndivyo Mzee angejibu. Ghassan alijishika mdomo asicheke.

Ndipo juu kukagongwa. Bakora kwenye mbao, moja kwa moja juu ya vichwa vyao. Ko. Ko. Ko.

Fikirini alikata simu. Bakora ikanyamaza.

"Anaota," Ghassan alisema. "Daktari kasema atakuwa hivyo."

Lakini ilikuwa hivyo kila simu. Sauti ikianza chini, bakora inaanza juu. Sauti ikikoma, inakoma. Fikirini alijaribu kuongea taratibu, akajaribu kugeukia ukutani, akaingia mpaka katikati ya marobota ya godoro. Haikusaidia. Halafu siku moja aliongea na simu mwanzo mpaka mwisho na juu kukawa kimya kabisa. Ajabu ni kwamba kimya kile ndicho kilichomtoa jasho. Mtu anayegonga unajua anafanya nini. Huyu sasa alikuwa anasikiliza.

Badria alishuka na bakuli la uji mkononi, uji haujaguswa. "Fikirini, mnapiga rekodi za baba huku chini?"

"Rekodi gani, dada?"

"Namsikia anaongea. Na yeye anajisikia. Akisikia anatoa machozi jicho moja, lile zima." Alimwangalia kama anasubiri jibu. Fikirini akashika mkasi, akaanza kukata kamba isiyohitaji kukatwa.

Kwa Ghassan alipewa ahadi. Fremu ikishauzwa na kampuni mpya ikisimama, Fikirini atakuwa msimamizi wa stoo, kiti, feni, watu wa kuamrisha. Mpango wenyewe hakufichwa, alielezwa vizuri kama mtu anaelezwa njia. Idd inakuja. Wateja wote wanaagiza mzigo wa Idd. Safari hii watapigiwa, wataambiwa watume kwenye lipa namba mpya, na mzigo hautapanda basi lolote. Wakija Dar kulalamika watakuta duka lina mwenyewe mwingine, kampuni ya zamani imekufa, mwenye jina hana ulimi.

"Utamshtaki nani? Mgonjwa?" Ghassan aliuliza, na kwa kweli alikuwa anauliza kama swali la darasani.

"Na mimi?"

"Wewe ni nani, Fiki? Nani anakujua?"

Hapo hakukosea. Hakuna mteja hata mmoja aliyewahi kusikia jina la Fikirini.

Nyumbani mambo yalianza kuharibika kwa vitu vidogo. Alikohoa mara mbili kabla ya kuomba chumvi. Alimwita Mwanamkuu "mwanangu." Mkewe mwanzoni alicheka. "We baba, mimi nimeolewa Buguruni, sijaolewa Narung'ombe. Mzee wa watu muache hukohuko dukani." Jirani akija anamwambia, "Ingia umsalimie shemeji yako Mwarabu." Kisha akaacha kucheka. Jioni moja Fikirini alikuwa amekaa kizingitini, akaita, "Mwanamkuu," na Mwanamkuu akatoka jikoni amejifunga mtandio vizuri, macho chini, kama mwanamke anayeenda kumpokea mgeni mtu mzima.

Walitazamana.

"Niite tena," akasema.

Aliita tena. Ikatoka vilevile. Alikohoa, akameza mate, akaita mara ya tatu, akitafuta pale kooni ilipokuwa inakaa sauti aliyotongozea, aliyogombania nauli, aliyomsomea talkini baba yake kaburini. Alikuwa kama mtu anayepapasa mfuko akijua kabisa simu aliiweka humo.

"Hiyo kazi iache," Mwanamkuu akasema. "Sitaki kujua wanakulipa nini. Iache."

Hakuiacha. Aliogopa kukosa kazi, na aliogopa zaidi kurudi Buguruni kuwa mtu wa kuokoteza vibarua akiwa na umri wake. Tusimpambe.

Shaabani ikafika. Ghassan ndiye aliyekumbuka zile simu za kuhalalishana, na ndiye aliyeona zinafaa. "Unaanza na hiyo," alisema. "Unaomba radhi kama baba anavyoomba. Wakishalainika, ndio unawatajia mzigo wa Idd. Na ukifikiria vizuri, wanakuwa wameshasamehe."

Alisema hivyo huku anamenya chungwa.

Wa kwanza alikuwa mzee wa Tunduru. Fikirini alikohoa, akasema yale maneno. Mzee wa Tunduru akajibu kwa adabu, "Nimekuhalalishia, Hamud, duniani na akhera. Uliyofanya na utakayofanya." Utakayofanya. Fikirini akamtazama Ghassan. Ghassan akamwashiria kwa kisu cha chungwa, endelea. Akaendelea. Mzee wa Tunduru alituma mchana uleule, na simu ya Ghassan ikatoa mlio wa furaha.

Juu hakukugongwa kitu.

Siku iliyofuata ilikuwa zamu ya Paskalina wa Songea. Huyu mwanamama alikuwa mteja wa Mzee tangu anauza khanga begani mpaka akawa na duka la kona. Safari hii alikuwa anaagizia na kikundi, akinamama wenzake wameungana kununua mashuka ya kukopesha walimu. Ghassan alimsubiri huyo kuliko wote, kwa sababu zilizo wazi. Akaweka kitochi spika, akavuta kiti. Simu ikiwa inaita tu, mtu wa kununua fremu akatokea mlangoni na fundi wake wa kupima, na Ghassan akainuka. "Maliza mwenyewe," akanong'ona. "Mtajie namba." Akatoka nje barazani kumpokea.

"Shikamoo mzee wangu," Paskalina akasema.

"Marahaba, mwanangu. Songea baridi?"

"Baridi ndiyo kwao. Nimekusubiri wewe tu. Mwaka huu umechelewa, nikasema Mwarabu wangu kanisusa."

Fikirini akasema yale maneno. Yalikuwa yanatoka yenyewe sasa. Kama nimekupunja, kwa kujua au kwa kutojua.

"Hujawahi kunipunja," Paskalina alisema. "Hata ukinipunja nimekuachia. Hela ya kikundi ninayo hapa mkononi, ukinipa namba natuma saa hii. Ila subiri kwanza, mzee. Mwaka huu nina langu."

"Sema."

"Ule mwaka nilipofiwa na mume wangu. Ulinitumia marobota, likazidi moja. La khanga. Sikuagiza. Nikajua mmekosea kupakia. Nilikaa nalo, nasubiri upige uniulize, hukupiga. Nikaliuza, nikajengea kaburi. Kila mwaka unanipigia, wewe unaniomba radhi mimi, na mimi nasema nimekuachia, na hilo robota nalinyamazia." Alivuta pumzi. "Sasa naliota. Liko kichwani, nimelibeba, natembea nalo, halishuki. Naangalia chini nione nimefika wapi, chini hakuna kitu. Nihalalishie, mzee. Niambie kwa mdomo wako."

Neno lenyewe ni fupi. Fikirini alikuwa nalo ulimini, kwenye ile sauti, na kikohozi chake kabisa. Alikuwa ameshasema uongo wa bei, wa afya, wa basi lililoondoka. Lakini kila mtoto aliyekaa chuoni anajua hili: haki ya mtu anaisamehe mwenyewe. Mungu mwenyewe anakuachia ukamalizane naye. Na robota lile lilikuwa la mtu aliyelala juu ya kichwa chake, macho wazi, anasikiliza.

Akafungua mdomo. Hakutoka kitu.

"Mzee? Umekasirika?"

"Subiri," Fikirini akasema.

Alichukua kitochi, akapita katikati ya marobota, akapanda ngazi. Badria alikuwa ameshaondoka. Chumba kilikuwa na giza la mchana, harufu ya dawa ya kuchua na udi wa jana. Mzee Hamud alikuwa ameegemezwa mito, uso umegeuzwa mlangoni, kama mtu aliyekuwa anasubiri ngazi ilie. Jicho zima lilimpokea Fikirini. Halikuwa na hasira. Lilikuwa jicho la mtu anayejitazama kwenye kioo na kukuta picha inasogea peke yake.

Fikirini akapiga magoti. "Mzee, huyu ni Paskalina. Umemsikia?"

Jicho likafumba, likafumbua. Alikuwa amesikia. Alisikia yote, siku zote.

"Anataka umhalalishie."

Aliweka simu sikioni mwa Mzee. Mzee akajaribu. Kilichotoka kilikuwa pumzi nzito yenye maji ndani, na kitu kama mlango mzito unaosukumwa mbali sana.

"Nani huyo?" Paskalina akauliza. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mzee, uko na nani? Nani anapumua?"

Mkono wa kushoto wa Mzee ukainuka kutoka kwenye shuka. Ulichukua muda. Ukatua kifuani, ukapiga hapo mara moja, ukakaa.

Fikirini akarudisha simu mdomoni. Alitaka kusema kwa sauti yake. Kwa kweli alitaka. Akaitafuta, haikuwepo, au ilikuwepo na haikumfikia kwa wakati. Iliyotoka ni ileile.

"Mama Songea, sikiliza. Mzee kaweka mkono kifuani. Robota lako amekuachia. Mimi siye yeye. Mimi Fikirini, namfungia mizigo. Mzee kapooza, hawezi kusema, tangu augue sio yeye unayeongea naye. Usitume hela. Duka halina shuka hata moja. Tumejaza magodoro."

Kisha Paskalina akasema, polepole, "Mzee, mbona unanitisha? Ndiyo wewe. Nakusikia."

"Siyo mimi."

"Mzee—"

"Usitume hela, mwanangu. Waambie na wenzako. Namba yoyote mtakayopewa ni ya wizi."

Alilia au alicheka, laini ya Songea haikuonyesha vizuri. "Sawa mzee," akasema mwisho. "Ukisema wewe, situmi." Na akakata. Mpaka leo Fikirini hajui alimwamini nani.

Alibaki amepiga magoti. Alitamani kuomba na lake. Neno lilikuwa hapo, Mzee alikuwa hapo, mwezi wenyewe ulikuwa huo. Alimtazama usoni, na jicho zima likageuka taratibu, likaangalia dirisha lililozibwa na ukuta wa jirani. Fikirini hakuomba.

Kisha vidole vya kushoto vikamgusa kifundo cha mkono. Vikasukuma kitochi, kukirudisha mdomoni kwake. Vikasukuma tena.

"Wengine?" Fikirini akauliza.

Jicho likafumba, likafumbua.

Akawapigia. Masasi, Mbinga, Mbinga tena, Namtumbo. Kila mmoja alimwambia yaleyale, kwa sauti waliyoijua, na hakuna aliyebisha. Ile sauti ilijaza chumba, ikapita kwenye mipasuko ya mbao, ikashuka dukani. Na huku chini Ghassan alikuwa amesharudi kutoka barazani, maana Fikirini alisikia kiti kikisogezwa, kisha hatua kwenye ngazi. Zilipanda kwa haraka mwanzoni. Zikapungua. Katikati zikasimama.

Alipokuwa amesimama Ghassan, kitanda hakionekani. Kinachofika pale ni sauti tu, ya baba yake, kutoka chumba alicholala baba yake, inamwambia mtu wa Namtumbo kwamba mwanawe ni mwizi.

"Baba?" Ghassan akaita.

Aliita kwa sauti ndogo, ya mtoto aliyeamshwa. Mzee Hamud hakugeuka. Fikirini alisubiri aone kama atagongagonga, au ataguna, au atainua mkono. Hakufanya kitu.

"Baba, ni wewe?"

Ngazi haikulia tena, kupanda wala kushuka. Fikirini akainamia kitochi, akatafuta namba ya mzee wa Tunduru, yule aliyekwisha kutuma, akaanza kukohoa.